Maswali ya Wasomaji: Mawe ya Timbo Lililoachwa

SWALI: Mhariri, nyumbani kwetu Mbeere kuna timbo dogo ambalo zamani yalichimbwa mawe meupe ya kupelekwa kiwandani, kisha likaachwa likaota vichaka. Nilipokwenda likizo ya Disemba niliokota vifusini mawe ya aina tano, nikaja nayo Nairobi: maganda ya rangi ya fedha yanayobanduka kwa kucha, vijiti vyeusi vinavyometa, punje nyekundu za mviringo, kipande cha kijani-samawati chenye pande sita, na jiwe dogo jeusi ambalo uzito wake umepita ukubwa wake. Dalali mmoja wa mjini ameniambia kuwa lile la kijani ni zumaridi, na kwamba nimuuzie upesi kabla bei haijashuka. Je, ni zumaridi kweli? Na hayo mengine ni nini?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza usiuze kitu. Mawe uliyoyataja yanaonyesha kwamba timbo lenu lilichimbwa katika mwamba uitwao pegmatiti, na hilo pekee linapunguza sana uwezekano wa kupata zumaridi. Pegmatiti ni masalio ya mwisho ya uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka unaozaa graniti. Sehemu kubwa ya uji huo inapoganda chini ya ardhi, vitu ambavyo madini ya kawaida hayakuvipokea, yaani maji, boroni, florini, beriliamu na metali kadhaa adimu, hubaki vikijikusanya katika kimiminika kidogo kinachopenya kwenye nyufa za miamba ya jirani na kuganda humo. Mawe meupe yaliyopelekwa kiwandani bila shaka yalikuwa feldispa, ambayo hutumika kutengenezea vigae, vyombo vya kauri na vioo. Wachimbaji walioitaka feldispa peke yake waliyatupa mengine yote, na kwa sababu hiyo kifusi cha timbo la namna hiyo mara nyingi huwa na mambo mengi kuliko ukuta wake.

Zumaridi na akwamarini ni aina mbili za madini yale yale, berili, na kinachozitenganisha ni kile kilichozitia rangi. Akwamarini hupata rangi yake kutokana na chuma, ambacho pegmatiti haikosi. Zumaridi huhitaji kromiamu au vanadiamu, na metali hizo ni haba mno katika pegmatiti, kwa hiyo ni lazima zitoke katika mwamba wa aina nyingine uliokutana nayo. Dalali aliyetazama rangi tu na kukutajia zumaridi hakupima chochote, na haraka yake ya kununua inanitia shaka kuliko jiwe lenyewe.

Usidhani hata hivyo kwamba ni lazima liwe akwamarini. Katika pegmatiti kuna madini matatu ya kijani-samawati ambayo watu huyachanganya kila siku: berili, apataiti na amazoniti. Berili na apataiti zote hukua katika umbo la pande sita, kwa hiyo umbo halitoshi. Chukua kisu cha chuma cha kawaida, ambacho ugumu wake ni kama 5.5 katika kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa madini kinachoanzia 1 hadi 10, ujaribu kulikwaruza jiwe mahali pasipoonekana. Apataiti ina ugumu wa 5, basi itakwaruzika. Berili ina ugumu wa kati ya 7.5 na 8, kwa hiyo kisu hakitaiachia alama yoyote isipokuwa mstari wa chuma unaofutika kwa kidole, na jiwe lenyewe litaweza kukwaruza kipande cha kwatzi, yale madini magumu yanayofanana na kioo, ambayo ugumu wake ni 7. Amazoniti ni feldispa yenye ugumu wa 6, na utaitambua kwa jinsi inavyovunjika: hupasuka katika nyuso mbili laini zinazokutana karibu kwa pembemraba, wakati berili huvunjika ovyo ovyo. Ikithibitika kuwa ni berili, liinue jiwe kwenye mwanga wa jua. Berili nyingi za pegmatiti zimejaa nyufa na ukungu, na hazifai kuchongwa vito hata zikiwa na rangi ya kupendeza. Bei hutegemea uangavu, si ukubwa wala jina.

Hayo maganda ya fedha ni ulanga, ambao karatasi zake ukizikunja kidogo hurudi zilivyokuwa. Vijiti vyeusi ni tomalini nyeusi: vitazame kwa kioo cha kukuzia utaona mifereji myembamba inayokwenda kwa urefu, na kijiti kilichokatika kitakuonyesha umbo la pembetatu yenye pande zilizobenuka. Tomalini ina tabia ya ajabu ya kupata chaji ya umeme inapopashwa moto, na katika karne ya 18 Waholanzi waliitumia kuvutia majivu kutoka kwenye viko vyao. Punje nyekundu ni ganeti. Nasema hivi mapema kwa sababu najua swali litakalofuata: ganeti ya kijani iliyoipatia Taita Taveta umaarufu, ile ambayo kampuni ya vito ya Tiffany iliipa jina la tsavoraiti mwaka 1974 kwa heshima ya Tsavo, haizaliwi katika pegmatiti bali katika miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, mingi yake ikiwa na grafiti, ile kaboni nyeusi ya penseli. Usipoteze siku zako kuitafuta katika timbo lenu.

Jiwe jeusi zito ndilo ambalo ningelishughulikia kwa makini zaidi. Lipime hivi: weka kikombe cha maji juu ya mizani ya jikoni ya kidijitali, rudisha kipimo kwenye sifuri, kisha lining'inize jiwe kwa uzi mpaka lizame lote bila kugusa chini wala kando. Gramu zitakazoonekana ni sawa na ujazo wa jiwe kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa jiwe likiwa kavu kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 31 likionyesha gramu 10 majini, jibu ni 3.1, nawe utakuwa umeshika tomalini nyingine tu. Likiwa na gramu 52 kwa ujazo uo huo, jibu ni 5.2, na hapo huenda una kolumbaiti, madini yenye metali ya niobiamu, ambayo ni ndugu wa tantalaiti yenye metali ya tantalamu. Mchanganyiko wa hizo mbili ndio unaoitwa koltani, na jinsi tantalamu inavyoongezeka ndivyo jibu la hesabu hiyo linavyopanda hadi kukaribia 8. Lakini mawe meusi mazito ya pegmatiti yanaweza pia kuwa na urani au thoriamu. Ukikumbuka kwamba feldispa iliyolizunguka ilikuwa imegeuka nyekundu-kahawia, au kwamba kwatzi ya karibu ilikuwa ya rangi ya moshi na nyufa zake zilitawanyika kutoka kwenye jiwe hilo, chukulia kuwa lina mnururisho, yaani linatoa miale ya hatari, mpaka lipimwe. Usiliweke chumbani wala mfukoni, usilisage, na unawe mikono baada ya kulishika. Kwa jumla usikate wala kusugua jiwe lolote kati ya hayo likiwa kavu, kwa kuwa vumbi la kwatzi huharibu mapafu, na vumbi la berili lina madhara yake pia.

Kuhusu kuuza, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inayahesabu madini kuwa sehemu ya ardhi ya umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inayaweka mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, hata yanapopatikana chini ya shamba la mtu. Anayechimba, hata kwa sululu na karai, anahitaji kibali. Anayefanya biashara ya madini anahitaji leseni, na kuyatoa nje ya nchi kunahitaji kibali kingine. Mwombe huyo dalali akuonyeshe leseni yake. Kabla ya hapo yapeleke mawe kwa wanajiolojia wa serikali walio Madini House, Barabara ya Machakos, katika Eneo la Viwanda, uyafunge kila moja katika karatasi yake na kuandika mahali hasa ulipoliokota, kwa maana jiwe lisilojulikana lilikotoka humfaa mtaalamu kidogo sana. Na mkirudi timboni msisimame chini ya ukuta ulioinama, hasa baada ya mvua.

SWALI: Mimi huvunja mawe ya ujenzi Njiru kwa miaka mingi, na sijawahi kuona hata fuwele moja ya kusimulia. Kwa nini za wenzetu wa Mbeere ni kubwa hivyo?
Msomaji, Njiru, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu, mawe yenu yametokana na volkano. Lava na majivu yaliyomwagika juu ya ardhi wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka yalipoa upesi, na fuwele zake hazikupata nafasi ya kukua. Wengi hudhani kwamba pegmatiti ilipata fuwele kubwa kwa sababu ilipoa polepole mno, lakini uchunguzi wa miongo ya karibuni umeonyesha kuwa baadhi ya mishipa yake iliganda kwa muda mfupi ajabu. Maji, boroni na florini ndivyo hasa vilivyofanya kazi: vilifanya uji uwe mwepesi, vikazuia fuwele nyingi kuanza kwa pamoja, na vikaziachia chache zilizoanza nafasi ya kujilisha kwa haraka. Miamba inayobeba pegmatiti za Kenya ni ya Ukanda wa Msumbiji, mkanda mrefu wa miamba ya kale ya Afrika Mashariki, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, na hapa Nairobi imefunikwa na lava ambazo kwa kulinganisha ni changa sana.

Ukitaka fuwele bila kwenda mbali, tafuta kule nyanda za Kapiti, upande wa Konza, fonolaiti nyeusi, aina ya mwamba wa volkano, yenye umri wa miaka milioni 13 hivi, ambayo ndani yake zimetapakaa fuwele nyeupe za feldispa za kuonekana kwa macho. Hizo zilianza kukua uji ulipokuwa bado chini ya ardhi. Pegmatiti yenyewe utaitafuta katika vilima vya Machakos, ambako mwamba wa kale umejitokeza juu. Pale barabara ilipokata kilima, angalia mkanda mweupe au wa waridi unaokatiza mwamba wa kijivu, na utazame katikati yake, kwa kuwa kwatzi huganda mwisho na kujikusanya hapo kama kiini, na berili, ikiwa ipo, mara nyingi hukaa ukingoni mwa kiini hicho.