Kabla hujanunua sonda, shika mpira wa radiata

Juzi hapa Kadutu, Bukavu, nimemkuta mdogo wetu mmoja ameshika sonda lambda mpya, kile kifaa cha kupima oksijeni kwenye moshi, mteja ameshalipa, na gari linatoa CO (kaboni monoksidi, gesi ya sumu) ileile. Nikamuuliza, termostati, ile vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye radiata mpaka yapate moto, umeiangalia? Akacheka: "Patroni, ile si tuliitoa zamani!" Haya, kaeni chini.

1. Someni karatasi ya kipimo cha moshi kabla ya kufungua boneti. CO ikipanda, petroli imezidi hewa. HC (hidrokaboni) ikipanda, petroli inapita bila kuungua. Anzeni na bujie, yaani plagi.

2. Termostati. Hapa naungama. Corolla ya mama mmoja ilikuwa inachemka kila ikipanda mlima, nikafanya kama tulivyofundishwa sote: nikaing'oa, nikaitupa. Gari likapoa, nikajiona daktari. Baadaye likakataliwa kwenye kipimo cha moshi. Nikabadili bujie, nikabadili sonda, likakataliwa tena. Nikaanza kuisingizia katalizeri, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, nikamwomba mama dola nyingine. Alizihesabu mbele yangu bila neno, na noti ya mwisho ilikuwa imekunjwa ndogo kama kidonge.

Fundi mzee mmoja hakushika hata spana. Aliwasha injini ikiwa baridi, akaniwekesha kiganja kwenye mpira wa juu wa radiata. "Mtoto wangu, unasikia? Dakika mbili tu, umeshaanza vuguvugu. Maji yanapita hovyo." Termostati ile ilipaswa kufunguka kwenye 82°C. Bila hiyo, na baridi yetu hii ya mita 1,500, injini haipati moto wake, kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, basi inazidi kumwaga petroli. Na kule kuchemka? Radiata ilikuwa imeziba kutu. Miaka yote tuliijaza maji ya bomba.

3. Bomba la ekzosi likitoboka kabla ya sonda, linavuta hewa ya nje na sonda inadanganyika. Zibeni mkia wa ekzosi kwa kitambaa, msikilize moshi unapovujia.

4. Gari la kabureta lililorekebishwa kule chini Uvira, huku juu hewa ni nyepesi, litavuta petroli nyingi mno. Msimlaumu mwenye gari.

5. Zungusheni gari dakika 20 kabla ya kipimo, na msilizime kwenye foleni. Katalizeri baridi haisafishi kitu. Yule mama nilimrudishia pesa ya sonda kwa awamu tatu. Bado ananiletea gari, ila siku hizi mpira wa radiata anaushika mwenyewe kwanza, ndipo ananisalimia.