Okidi ya madoa inaoza ndooni: mizizi inayotazama juu haifukiwi

SWALI: Tulipofyeka pori la kupanda mikorosho, kwenye mti mmoja ulioanguka nilikuta mmea wenye mashina kama miwa myembamba na maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Nimeupanda kwenye ndoo ya udongo na samadi. Mizizi mingi ilisimama juu kama sindano, nikaifukia. Sasa machipukizi yanageuka meusi na yananuka. Nimekosea wapi?
Msomaji, Nanyamba, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo ni Ansellia africana, okidi ya madoa ya chui, ambayo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, imeiweka miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Makao yake ni juu ya miti. Mizizi iliyosimama ni mtego: hudaka majani makavu, yakaozea hapo hapo yakawa chakula chake. Ukiifukia inakosa hewa, na samadi yenye majimaji inaimalizia.

Ing'oe leo. Mzizi mzima ni mgumu; uliokufa ukiubana unatoa maji na ganda linavuka. Kata vyote vilivyooza mpaka ufike penye nyama safi, kwa wembe unaoupasha moto kila baada ya mkato. Paka unga wa mkaa, ining'inize kivulini siku 3 bila maji. Usiigawe sasa. Ngoja mvua za Desemba, na kila fungu libaki na mashina yasiyopungua 3.

Siku hizo 3 za kuning'inia zikiisha, ifunge kwenye mkwaju kwa kamba ya katani. Mwembe una kivuli kizito mno. Mkorosho uache kabisa: hupogolewa, na salfa inayopulizwa kuzuia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho) ikikutana na jua kali huunguza majani. Kama huna mti, toboa chungu pembeni, jaza vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole gumba sehemu 2, makumbi ya nazi sehemu 1. Makumbi yaliyofukiwa pwani yana chumvi, hivyo yaloweke siku 3 ukibadili maji kila siku.

Wakati wa mvua, siku isiponyesha, mwagilia asubuhi, mizizini tu. Maji yakituama katikati ya majani machanga, chipukizi litaoza tena hata kama mengine yote umeyapatia. Mbolea ni NPK 20:20:20, kijiko kimoja cha chai kwa lita 10, kila wiki 2. Juni hadi Oktoba punguza: maji mara moja kila siku 10 hivi, mbolea hakuna. Hapa ndipo wengi huihurumia, wakaimwagia, wakakosa maua. Majani yakikolea ukijani, kivuli kimezidi. Isogeze penye jua la asubuhi.

Jirani akiomba mbegu, mpe fungu la mashina. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha.