Farasi wa askari wa Kusini walikuwa mali ya nani?
Si wa serikali. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mpanda farasi wa majimbo ya Kusini alikuja na farasi wake kutoka nyumbani. Farasi alithaminiwa wakati wa kuandikishwa, mwenyewe akalipwa senti 40 kwa siku kwa matumizi yake. Farasi akiuawa vitani, fidia ipo. Akichakaa, akiugua au akitekwa, hasara ni ya askari: aombe ruhusa akatafute mwingine, la sivyo ahamishiwe kwa askari wa miguu. Ndiyo maana vikosi vilipungua hata pasipo mapigano.

Appomattox, Virginia, jeshi kuu la Kusini liliposalimu amri Aprili 1865, Grant, jemadari wa Kaskazini, aliwaachia askari warudi na farasi wao wakalime. Ila hati yenyewe ya kusalimu amri inataja farasi wa maofisa tu. Ya askari wa kawaida ilikuwa ruhusa ya mdomo.