Haiachi, inachagua

Umeuliza kama seli ya saratani ikikosa oksijeni huacha kutengeneza protini, na mionzi inaongeza nini. Haiachi, inabana matumizi. Kutengeneza protini kunakula nishati nyingi, kwa hiyo seli hupunguza kazi nyingi na kubakiza zile za kuiokoa.

Tazama protini iitwayo HIF-1 alfa. Seli yenye oksijeni ya kutosha huitengeneza muda wote na kuivunja ndani ya dakika chache tu, kwa sababu vimeng'enya vinavyoitia alama ya kuvunjwa vinahitaji oksijeni. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi. HIF inarundikana, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kuvuta mishipa mipya ya damu na kuingiza sukari zaidi. Kugundua haya ndiko kulikowapa wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Mionzi nayo hukata DNA. Seli hupandisha p53, protini inayosimamisha mgawanyiko ili ukarabati ufanyike, au seli ife. Saratani nyingi zina p53 mbovu.

Kinachoniumiza ni hiki: oksijeni ndiyo hufanya majeraha ya mionzi yawe magumu kurekebishika, hivyo seli zisizo nayo huhitaji dozi karibu mara 2.5 hadi 3 ili zife. Hiyo ni sababu mojawapo ya tiba kugawanywa kwa siku nyingi: seli zenye oksijeni zikifa, zilizobaki huanza kuipata, na mionzi ya kesho huzikuta zimepoteza ile kinga.