Jibu: Stendi ya miguu minne kwa tangi la matumbawe la sm 180

Habari mkuu. Umeuliza kama stendi ya mbao yenye miguu minne itabeba tangi la kufugia matumbawe la sm 180 × 60 × 60 huko ghorofani.

Anza na sakafu. Tangi hilo ni lita 648, na maji ya chumvi yanafika kilo 660 hivi. Kioo cha mm 12 kinaongeza kama 120, bado mawe, stendi na tangi la chini (lile la kuchujia maji). Hesabu kilo 900 au zaidi kwenye eneo la mita moja ya mraba. Sakafu za nyumba kwa kawaida hukadiriwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Liweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, na mhandisi aone ramani kwanza.

Miguu minne sikushauri. Mhimili wa juu unaweza kupinda katikati, kioo kikakosa pa kukalia, na gundi ya silikoni ikaachia kwenye kona. Weka sita. Kwa chuma, bomba la mraba la mm 50 unene mm 3 linatosha kabisa, ila lipigwe rangi ya epoksi, chumvi haina huruma. Nyuma funga vyuma vya mshazari, maana stendi huweza kuanguka kwa kuyumba, si kwa uzito tu. Pimamaji (kifaa cha kupima usawa) ndiyo mwamuzi, kabla na baada ya kujaza.

Umeme ukikatika, pampu husimama na maji ya juu hushukia tangi la chini: yakishuka sm 3 tu ni lita 32, ziada ya yaliyomo kwenye mabomba. Tangi la chini liwe na nafasi hiyo.

Na mlango wa stendi upimwe kabla fundi hajachomelea: tangi la chini lazima lipite.