Ile umekata ni yako

Wiki jana msomaji mmoja wa Kolwezi aliniandikia: "Dada, nami nashona. Nataka kuvijua vitambaa vya dunia kama wewe. Nianzie wapi?" Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza.

Najua unachokitaka, maana ndicho ninachokitaka mimi: nguo yako ivaliwe Dakar, ivaliwe Paris, na jina lako liwe limeshonwa ndani ya kola. Sawa. Ila mimi nilianzia kwenye aibu, hapa hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye komini (wilaya ya mji) iitwayo Kenya, kwenye atelie yenye cherehani mbili na pasi moja.

Mteja aliniletea kitambaa kilichofungwa ndani ya kikwembe (kitenge) kikuukuu. Kilikuwa cha Wakuba wa Kasai, ameachiwa na marehemu mama yake, na yeye alitaka jaketi. Wakati ule simu yangu ilikuwa imejaa picha za kimono, batiki na kente, nikajiona mjuzi. Nikamwambia aje Jumamosi.

Kitambaa cha Wakuba huanza kwa wanaume: wao ndio wanaofuma nyuzi za rafia, zitokazo kwenye majani ya mwale. Wanawake hudarizi juu yake. Sindano hupita chini ya uzi wa kitambaa, ikatokea upande wa pili, kisha uzi wa kudarizi hukatwa kwa kisu karibu kabisa na kitambaa, vikabaki vijinyoya viwili vimesimama. Hapigi mtu fundo. Vijinyoya hushikiliwa na mbano wa nyuzi peke yake. Rudia hivyo mara maelfu, ukipitisha kiganja utadhani ni mahameli. Kipande kimoja huweza kula miezi.

Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilitandika patroni, nikapiga chaki, nikakata. Ukingo ukaanza kuachia. Kila nilipogusa, vinyoya vilibaki kwenye vidole. Nikasema cherehani itaokoa, nikapitisha zigizaga. Kila sindano ilipotoboa, rafia ikapasuka, na mwisho sindano yenyewe ikavunjika. Jioni sakafu ilifanana na ya kinyozi.

Jumamosi hakuja mteja peke yake, alikuja na mama mkubwa wake. Yule mama aliinua kipande cha mkono, akakitazama dirishani.

"Wewe mutoto, ulikata hii na makasi?"

"Ndiyo, mama."

"Unajua ilikuwa ya nini?"

Sikujua. Kwa Wakuba, vitambaa vya namna ile huwekwa kwa ajili ya msiba. Maiti huvikwa na kuzikwa navyo, ili waliomtangulia wamtambue. Hicho mama mkubwa alikuwa amejiwekea yeye mwenyewe, kwenye sanduku la mdogo wake, mama wa mteja. Akakunja kilichobaki kizima, akakirudisha ndani ya kikwembe. "Ile umekata ni yako," akasema, wakaondoka. Malipo sikupewa, na sikuthubutu kuomba.

Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa ya kusoma na kulia tu. Ila ushauri wangu wa kwanza ndipo ulipotoka: uliza kabla ya kukata.

Niliulizia kwanza kikwembe nilichokuwa nimevaa. Nilikuwa nikiwaambia wateja ni nguo ya babu zetu! Kumbe mbinu yake ni ya Java, Indonesia, ambako mafundi huchora kwa nta ya moto kwa kijikalamu cha shaba chenye mdomo mwembamba, kinachoitwa canting. Waholanzi wakaiga kwa mashine, wakitumia utomvu badala ya nta, na kiwanda cha Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846, hadi leo kinachapa vile ambavyo mama zetu huviita vya kweli. Ile mistari kama nyufa unayoiona kwenye rangi ni utomvu uliopasuka kabla ya kitambaa kutiwa rangi. Sikuacha kukivaa. Niliacha kukisemea uongo.

Ushauri wa pili, uliza tena. Kente ya Bonwire, Ghana, hufumwa kwa vipande vyembamba kisha vikaungwa. Ukijua hivyo utajua mshono wake upite wapi. Bogolani, kitambaa cha Mali, rangi yake nyeusi ni tope, lakini tope halishiki mpaka kitambaa kilowekwe kwanza kwenye maji ya majani.

Na usiishie kwenye vitambaa. Mji huu huu, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji. Humo Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vijistari vifupi vifupi. Nilipoviona nilisema huyu anafuma. Nikiwa kazini naweka gitaa la Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa Likasi mwaka 1952, enzi mji huo ukiitwa Jadotville. Kidole gumba kinashikilia mwendo, cha shahada kinatoroka, kinarudi. Michoro ya Wakuba nayo hufanya vivyo hivyo: unafuata msalaba, msalaba, msalaba, ghafla unageuka kitu kingine. Hilo sikulisoma popote, masikio yangu ndiyo yaliyoniambia.

Ndugu zangu, tunapenda mno kujiita wabunifu. Picha moja ya simu, tayari "kolekisheni ya Afrika". Mwaka jana koti langu liliwekwa kwenye maonyesho hapa mjini, wakaandika chini yake "vazi la asili". Asili ya nani? Jina langu halikuwepo, na jina la waliofuma halikuwepo pia. Niliumia, nakiri, na bado naumia. Kisha nikakumbuka mimi mwenyewe sikumuuliza yule mteja jina la mama yake.

Kwa hiyo, dada wa Kolwezi, fungua sanduku la nyumbani kwenu, uliza. Halafu uliza tena.

Lile jaketi liko kwenye droo ya chini: mgongo, pande mbili za mbele, mkono mmoja. Kila nikifungua nakuta vinyoya vichache vimeanguka, navikusanya kwenye bahasha.