Maswali yenu kuhusu kusoma Ujerumani: hela, giza la Desemba na jirani wa chini

Wadogo zangu maswali yamekuwa mengi kweli, leo najibu matano. Mi niko Leipzig mwaka wa sita sasa, kwa hiyo naongea niliyoyaona hapa.

Natoka Morogoro nakuja Oktoba, nikifika nianze na nini?

Anza na jina lako kwenye sanduku la barua pale mlangoni. Mtu wa posta asipoliona jina anaondoka na barua yake, na huku karibu kila kitu kinakuja kwa barua, kadi ya benki, namba ya siri, kadi ya bima, namba ya mlipa kodi, vyote. Halafu ndani ya wiki mbili tangu uhamie unatakiwa ukaandikishe anwani yako, wenyewe wanaita Anmeldung, na lazima uwe na karatasi ya mwenye nyumba inayosema unakaa pale. Ukiambiwa "chumba kipo ila usijiandikishe" achana nacho hata kama bei ni nzuri.

Nyumbani wanajua nina mamilioni kwenye akaunti, kila wiki kuna ombi. Nifanyeje kaka?

Hili linaniuma maana limenikuta. Ile hela unayotakiwa kuonyesha kwenye akaunti ili upate viza ni euro 11,904 kwa mwaka, ukiibadilisha kuwa shilingi hata mjomba anashtuka, lakini benki inaifunga inakutolea euro 992 tu kwa mwezi, na hapo kuna chumba (changu 340), bima ya afya inapita 120, bado chakula, simu na ada ya muhula. Mwaka wa kwanza nilituma mchango wa harusi euro 300 kwa mkupuo kwa sababu niliona aibu kusema sina, mwezi uliofuata nikachelewesha kodi ya chumba mpaka nikaandikiwa barua ya onyo. Siku hizi nimemweleza mama hesabu yote, namba kwa namba, na yeye ndo anawajibia wengine. Tafuta mtu mmoja nyumbani anayeheshimiwa, mfungulie moyo. Na usiwaahidi kwamba utafanya kazi sana, mwanafunzi wa kutoka kwetu anaruhusiwa siku 140 nzima au 280 za nusu kwa mwaka, basi.

Dada wa Halle (mji jirani na Leipzig): Tangu Novemba silali vizuri, sitaki kuona mtu, nalia bila sababu. Ni mimi tu?

Sio wewe tu dada yangu, na asante kwa kuandika. Sisi tumekulia jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, mwili umezoea hivyo, sasa huku katikati ya Desemba kunakucha kama saa mbili asubuhi na kufika saa kumi jioni kiza kimeshaingia, ukiwa na kipindi mchana unaweza usilione jua wiki nzima. Mi nilichofanya ni kutoka nje kila siku saa sita mchana hata kama kuna mawingu, nusu saa ya kutembea tu, simu naiacha mfukoni.

La pili ni watu. Nyumbani unapiga hodi unakaribishwa unakula, huku nilimgongea mwenzangu wa darasani Jumamosi bila taarifa akafungua mlango nusu akauliza kuna tatizo gani, nikarudi nimevunjika moyo nikajua hanitaki. Kumbe wenzetu wanapangana, ukimwambia "Alhamisi ijayo saa moja jioni tupike wote" anaandika kwenye kalenda na anakuja kweli na mvua yake. Yule sasa ni rafiki yangu mkubwa. Usisubiri uitwe, panga wewe, hata watu wawili wanatosha.

Ila kulia bila sababu kwa wiki kadhaa usikubebe peke yako. Studentenwerk, wale wanaoendesha mabweni na kantini, wana washauri wa wanafunzi, nenda wiki hii. Na mwambie mama ukweli, huku saa zinarudishwa nyuma Oktoba kwa hiyo wakati wa baridi nyumbani wako mbele kwa saa mbili, ukipiga saa moja jioni hajalala bado.

Jirani wa chini amenigongea kisa muziki, ni ubaguzi?

Ubaguzi upo, siwezi kukuficha, lakini saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa kimya kwa kila mtu, na Jumapili siku nzima. Hata kutoboa ukuta Jumapili hairuhusiwi. Mpelekee keki, jitambulishe jina. Akiendelea hata ukiwa kimya, hapo niandikie tena.

Unga wa ugali unapatikana?

Upo, maduka ya Waafrika yanauza sembe nyeupe kabisa, hapa Leipzig pita Eisenbahnstraße utapata na bamia na dagaa. Mchicha sina uhakika kila siku, mi natumia spinachi ya kugandishwa, nakaanga na kitunguu kingi na nazi ya kopo. Nunua Jumamosi, maana Jumapili maduka yamefungwa mji mzima isipokuwa machache kama ya stesheni.